Shilingi 15,000 za Habari kwa Mwezi: Nunua Nini, Acha Nini

Kifurushi cha king'amuzi kimekatika, bando la wiki limebaki MB za kuhesabu, na mshahara bado uko mbali. Makala haya ni ya mtu mwenye shilingi 15,000 za habari na burudani kwa mwezi mzima, ambaye lazima aamue wiki hii zinakwenda wapi. Bei nilizotumia ni za Dar es Salaam. Mikoani ongeza kidogo.

Nitoe msimamo kabla ya hesabu. Ubora umeshuka kila upande lakini bei haikushuka nao. Magazeti yamekonda, vipindi vya redio vimejaa vicheko, mikutano ya siasa imegeuka matamasha, na wasanii wanauza kiki kabla ya wimbo. Ukiendelea kulipa kwa mazoea, unapunjwa. Pesa yako ya kwanza impe mtu aliyetoka ofisini, akaenda kuona kwa macho yake, akarudi na kuweka jina lake juu ya alichokiandika. Wengine wote wapate kinachobaki.

Gazeti la mezani

Gazeti la kila siku la Kiswahili ni shilingi 1,000. Kwa siku 30 ni shilingi 30,000, mara mbili ya bajeti yetu. Kwa hiyo kulinunua kila siku peke yako hapana. Swali ni siku zipi ununue, na ununue lipi.

Gazeti bado lina kitu ambacho video za mtandaoni nyingi hazina: lina mhariri, lina ofisi yenye anwani, na likikukosea unajua pa kwenda. Unaweza kulipeleka Baraza la Habari au mahakamani. Hiyo ni dhamana, na dhamana ina thamani yake. Lakini dhamana hiyo haisemi kwamba kila toleo lina habari.

Kabla hujatoa noti, mwombe muuza magazeti akuonyeshe ukurasa wa tatu. Wengi hawakatai ukiomba kwa heshima na usipokaa nalo muda mrefu. Tazama juu ya habari: imeandikwa na nani? Ukikuta "Na Mwandishi Wetu" mara moja, haina neno. Pengine mhariri anamlinda mtu wake. Ukikuta "Na Mwandishi Wetu" habari baada ya habari, basi habari hizo zimekuja zenyewe kutoka idara za mawasiliano za mashirika na wizara, na hapo ofisini zimebandikwa kichwa tu.

Kisha tazama habari imetokea wapi. Kama ukurasa mzima una mgeni rasmi, wadau, warsha, uzinduzi na makabidhiano, ujue waandishi walipelekwa kwa gari la mwenye shughuli. Soma vitenzi: alisema, aliongeza, alisisitiza, alibainisha. Mtu mmoja anasema kutoka mwanzo hadi mwisho na hakuna wa pili aliyeulizwa. Hilo ni tangazo, na wewe unaombwa ulilipie shilingi 1,000.

Hapa kuna gharama iliyofichika ambayo msomaji haioni kabisa, nayo ni bahasha. Waandishi wengi wa mikoani hawana ajira ya kudumu. Wanalipwa kwa habari iliyotoka, malipo yenyewe madogo, na nauli ni juu yao. Mtu wa namna hiyo akisikia kwamba zahanati ya kijiji haina dawa, na kijiji kiko mwendo wa saa tatu kwa bodaboda, anapiga hesabu. Safari itamla zaidi ya atakacholipwa. Upande wa pili kuna semina hotelini, kuna chakula cha mchana, na mwisho kuna bahasha ya "nauli". Atakwenda semina, na zahanati itabaki bila kuandikwa. Simlaumu kwa moyo mwepesi, maana ana watoto. Lakini wewe mnunuzi lazima ujue kwamba mwenye semina alishainunua ile habari kabla haijakufikia. Waandishi wenyewe wana jina la kumwita mwenzao anayeishi kwa bahasha tu: kanjanja. Gazeti lililojaa makanjanja ni kilo ya mizani pungufu.

Ukilipata gazeti lenye ripoti mbili tatu za kweli, ambamo mwandishi amekwenda, ametaja watu waliozungumza naye, amemtafuta na anayelalamikiwa, na ameandika tarehe na kiasi cha fedha, lishike hilo. Linunue hata kama kurasa zake za michezo hazikupendezi.

Kuna upungufu mwingine ambao si rahisi kuuona mezani, nao ni yale ambayo gazeti limeogopa kuandika. Mwaka 2017 MwanaHalisi na Mawio yalifungiwa miezi 24 kila moja. Juni 2020 Tanzania Daima lilifutiwa leseni. Februari 2022 serikali iliyafungulia tena. Leseni hurudi kwa karatasi moja. Waandishi waliokwisha kutawanyika, wasomaji waliozoea kuishi bila gazeti na watangazaji waliohamia kwingine hawarudi kwa karatasi. Magazeti yaliyobaki wakati ule nayo yalijifunza kukaa kimya. Na gazeti linaishi zaidi kwa matangazo kuliko kwa ile elfu moja yako, na katika watangazaji wakubwa serikali na taasisi zake zimo. Kenya jambo hilo lilionekana wazi mwaka 2024, pale agizo lilipotolewa kwamba matangazo ya serikali ya redio na televisheni yapelekwe KBC, shirika la utangazaji la serikali yenyewe. Anayelipa zaidi husikilizwa zaidi. Ndiyo maana naamini ile elfu moja yako, ikiunganishwa na za wengine, ina uzito kuliko unavyodhani.

Sasa chaguo. Ukinunua mara mbili kwa wiki, toleo moja la katikati ya wiki na la Jumapili, utatumia shilingi 8,000 au 9,000 kwa mwezi. Jumapili kwa kawaida kuna makala marefu, na makala marefu hayachachi.

Njia ya pili ni kuchangia. Watu wanne wa kijiwe kimoja, kinyozi, fundi viatu, mama lishe na dereva wa bajaji, wakinunua gazeti moja kila siku, kila mmoja anatoa shilingi 7,500 kwa mwezi na anasoma siku zote 30. Ni nafuu kuliko kununua mara mbili kwa wiki peke yako. Kasoro yake ni kwamba utasubiri zamu, na jioni linaweza kukufikia limeshalowa chai. Kwa mwenye haraka ya kuona nafasi za kazi au zabuni, hiyo ni kasoro kubwa. Awahi asubuhi au anunue lake.

Upatikanaji nao ni hoja. Dar es Salaam gazeti liko mezani alfajiri. Sehemu nyingine linafika na basi mchana au kesho yake. Ukiwa mbali, usilinunue kwa ajili ya habari za jana ambazo redio imekwisha kukupa. Linunue kwa uchambuzi tu, au usilinunue.

Nakala za PDF zinazozunguka WhatsApp ni za bure, lakini hazimlipi aliyekwenda kuitafuta habari, na wakati wa uchaguzi kurasa za mbele za kughushi husambaa kwa njia hiyo hiyo. Kama unapenda kusomea simuni, uliza bei ya toleo la kidijitali la gazeti lenyewe. Halina karatasi wala lori la kulisafirisha, na mara nyingi liko chini ya bei ya mezani.

Redio ndiyo nafuu kuliko vyote

Kiredio cha mkononi kinachoshika FM na mawimbi mafupi hakifiki bei ya magazeti ya kila siku ya mwezi mmoja, na ukikitunza kitakaa miaka. Kagua vitu vitatu dukani: mkonga wa antena usiwe umelegea, mlango wa betri ufunge sawasawa, na kitumie betri za kawaida zinazouzwa hata duka la kijijini. Vile vyenye betri ya ndani tu ya kuchaji vinavutia, lakini betri ikifa huna pa kuinunua. Usilipie taa za rangi wala spika kubwa.

FM za mjini zimeshuka sana asubuhi. Watangazaji wawili watatu wanacheka wao kwa wao, kisha wanasoma vichwa vya magazeti. Kwa mnunuzi kuna faida moja hapo: kama shida yako ni vichwa vya habari tu, umevipata bure, usitoe elfu moja kwa ajili yavyo. Lakini usichukulie kwamba umesoma habari. Kichwa kinaandikwa kiuze, na ndani mara nyingi maneno ni mengine.

Jaribu kituo kwa saa moja. Je, kuna taarifa ya habari yenye sauti ya mwandishi aliyeko mkoani? Je, kuna mtu wa kawaida aliyehojiwa, au ni mahojiano ya nusu saa na mtu ambaye bidhaa yake inatangazwa kila mapumziko? Redio za jamii hufanya vizuri katika hili kuliko zenye majina makubwa. Sengerema FM, Pangani FM na redio ya Orkonerei kule Terrat, Simanjiro, ziko karibu na wasikilizaji wao: huyu analisha mifugo, yule anavua, na wote wanataka kujua halmashauri imeamua nini. Kama eneo lako lina redio ya namna hiyo, anza nayo.

Idhaa za Kiswahili za nje bado ni msaada. BBC imekuwa hewani kwa Kiswahili tangu 1957, na Deutsche Welle wanatangaza kutoka Bonn. Ila fahamu nani analipa: walipa kodi wa nchi nyingine, na wakiamua kuacha hawakuulizi. Machi 2025 wafanyakazi wa Sauti ya Amerika waliwekwa likizo ya lazima kwa amri ya Washington, na idhaa yake ya Kiswahili ikanyamaza pamoja na nyingine. Usitegemee idhaa moja.

Sababu ya mwisho ya kuwa na kiredio haina uhusiano na bei. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa Tanzania. Ilirudi Novemba 3. Aliyekuwa amenunua bando la siku tatu lilimfia mikononi, na aliyekuwa anapata habari zake zote simuni alibaki na uvumi wa mtaani. Kiredio cha mawimbi mafupi hakihitaji mnara wa simu. Kwa hilo peke yake kinafaa kuwemo nyumbani.

Bando linakoishia

Mwaka 2021 Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) iliweka ukomo wa bei: MB moja isiuzwe chini ya shilingi 2.03 wala zaidi ya shilingi 9.35. Kwa hiyo GB moja inaweza kukugharimu kati ya shilingi 2,080 na 9,570 hivi, kutegemea umenunua bando gani. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko bei ya magazeti saba. Kabla ya kununua, gawanya bei kwa idadi ya MB. Vibando vya siku moja vinaonekana rahisi, lakini ukivigawanya mara nyingi ndivyo ghali.

Sasa angalia GB hiyo inafanya nini. Sauti ya kawaida ya redio mtandaoni hula kama MB 29 kwa saa. Video ya ubora wa kati hula karibu MB 500 kwa saa, na ile ya ubora wa juu hupita GB moja. Maana yake GB ile ile ni saa 35 za kusikiliza, au saa mbili za kutazama, au haifiki hata saa moja ya picha safi. Mtu mwenye fedha kidogo anayetazama habari kwa video ananunua picha ya mdomo wa msemaji.

Hizi TV za mtandaoni zina upande mzuri: zinarusha mkutano na waandishi mwanzo hadi mwisho, bila kukatwa. Wapo vijana humo wanaofanya kazi kwa bidii na kwa uaminifu. Lakini nyingi zinaishi kwa kubofywa, kwa hiyo kichwa kinasema "hatimaye ukweli wafichuka", video ina dakika kumi na mbili, na jibu liko dakika ya kumi na moja au halipo. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 nazo ziliwaumiza wadogo. Leseni na ada zake zilifika takriban shilingi milioni 2, na wanablogu waliokuwa wanaandika habari za wilaya zao kwa mapenzi tu wakafunga. Aliyebaki ni mwenye mdhamini.

Fanya haya leo. Zima video zinazojicheza zenyewe. Shusha ubora wa picha hadi wa chini kabisa. Kwenye WhatsApp, zima upakuaji wa picha na video wa moja kwa moja. Makundi matatu ya familia na shule yanaweza kumaliza bando lako kwa video za salamu za asubuhi.

Kisha kagua huduma za SMS. Kuna zile za "habari motomoto", "nukuu ya siku" na "udaku wa mastaa" ambazo mtu hujikuta amejiunga kwa kubonyeza tu. Zikikukata shilingi 100 kwa siku, ni shilingi 3,000 kwa mwezi, sawa na magazeti matatu ya Jumapili. Piga huduma kwa wateja wa mtandao wako, uliza umeunganishwa na huduma zipi za malipo, na utake zote ziondolewe. Ni haki yako, na usikubali kuambiwa subiri.

Kuhusu VPN: mtandao wa X umefungwa Tanzania tangu Mei 2025 na wengi wanazunguka kwa njia hiyo. Jua kwamba VPN inaongeza matumizi ya MB, kwamba zile za bure hazitoi huduma kwa hisani na nyingine zinauza taarifa zako, na kwamba TCRA iliagiza watumiaji wajisajili Oktoba 2023. Mimi nisingetoa hata senti kwa hilo katika bajeti hii.

Kitu bora kabisa mtandaoni hakina bei zaidi ya bando la kukipakua. Taarifa Rasmi za Bunge, yaani Hansard, ziko kwenye tovuti ya Bunge, neno kwa neno. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali huwekwa hadharani kila mwaka mwezi Aprili, zikifika bungeni. Pakua mara moja mahali penye Wi-Fi ya bure na mgawie jirani kwa Bluetooth. Fungua ukurasa wa halmashauri yako. Humo kuna habari nyingi kuliko magazeti ya mwezi mzima, na hakuna bahasha iliyopita kati yako na takwimu.

Bunge lenyewe tulilipoteza kwa namna inayoniuma mpaka leo. Januari 2016 serikali ilitangaza kwamba TBC haitaendelea kurusha vikao vyote moja kwa moja, kwa sababu vinagharimu shilingi bilioni 4.2 kwa mwaka. Gawanya kwa Watanzania milioni 44.9 wa sensa ya 2012: haifiki shilingi 100 kwa mtu mmoja, kwa mwaka mzima. Leo unaweza kulifuatilia Bunge mtandaoni, lakini kikao cha saa nne kwa video ya ubora wa kati ni GB mbili. Gharama haikuondoka. Imehama kutoka mfuko wa taifa kwenda mfuko wa mama aliyeko Nachingwea.

King'amuzi

Tangu mitambo ya analojia izimwe Dar es Salaam Desemba 31, 2012, televisheni bila king'amuzi ni kioo tu. Kuna cha antena na kuna cha dishi. Kama uko ndani ya eneo la minara, chukua cha antena: hakihitaji fundi wa kupanda paa, na chaneli za kitaifa za bure zinapaswa kuendelea kuonekana hata kifurushi kikiisha. Muulize muuzaji swali hilo moja kabla hujalipa, "Nisipolipia, nitabaki na chaneli zipi?", na umtake akuonyeshe pale pale dukani.

Dishi linashika mahali ambapo antena haifiki, na huko halina mbadala. Lakini hesabu fundi, waya, chuma cha kufungia, na kurudi kwa fundi mvua kubwa ikilisogeza. Kifurushi cha mwezi kinahesabu siku hata umeme ukikatika.

Umeme wenyewe: televisheni ndogo ya LED na king'amuzi, saa nne kila siku, hula karibu uniti 8 kwa mwezi. Kwa bei ya kawaida ya zaidi ya shilingi 350 kwa uniti, ni kama shilingi 2,800. Ukiwa kwenye bei ya punguzo ya wanaotumia uniti zisizozidi 75, angalia usije ukavuka kwa ajili ya tamthilia.

Kwa mpira, kama unachotaka ni mechi chache kubwa, kibanda umiza kinakishinda kifurushi kwa bei. Kiingilio huwa kati ya shilingi 500 na 1,000. Mechi nne ni 2,000 hadi 4,000, na hakuna kifurushi chenye ligi kwa bei hiyo. Ukiwa na watoto wanaotaka kutazama nao, hesabu inageuka: changieni kifurushi majirani wawili, kwa zamu ya nyumba.

Siasa, bidhaa inayotolewa bure

Khanga, kofia, fulana, kilo ya sukari. Kwa miaka kadhaa sheria yetu iliruhusu takrima, yaani zawadi za namna hiyo, wakati wa uchaguzi, tangu marekebisho ya mwaka 2000, mpaka Mahakama Kuu ilipoibatilisha Aprili 2006. Mwaka 2010 ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Zawadi hazikukoma kwa sababu ya karatasi hizo.

Piga hesabu ya mnunuzi. Ukipewa kitu cha shilingi 10,000 na mtu akakaa madarakani miaka mitano, amekulipa shilingi tano na senti kadhaa kwa siku. Safari moja ya kituo cha afya kisicho na dawa imeshaila ya miaka miwili.

Mkutano wa kampeni siku hizi unaanza na wanamuziki, unaendelea na wanamuziki, na mgombea anapanda watu wakiwa wamechoka na jua. Kiingilio ni bure, lakini umepoteza nusu siku ya kazi na nauli. Na machawa, wale wanaolipwa kusifia, wanakuzuia hata kusikia. Mdahalo ungekuwa bora, nao unakufa. Kenya mwaka 2013 wagombea urais wote wanane walisimama jukwaa moja. Mwaka 2017 Raila Odinga alisimama peke yake, Uhuru Kenyatta hakuja. Mwaka 2022 aliyesimama peke yake ni William Ruto. Tanzania tulikuwa na mdahalo wa wagombea wanne mwaka 1995, na wanangu wameusikia kwa kusimuliwa.

Ukiwa na nusu siku ya kutoa kwa siasa, ipeleke kwenye mkutano mkuu wa kijiji unaopaswa kuitwa kila miezi mitatu, au kikao cha baraza la madiwani, ambacho mwananchi ana haki ya kukaa na kusikiliza. Uliza mapato na matumizi yasomwe. Hakuna muziki, viti ni vya plastiki, na ndipo fedha yako inapojadiliwa.

Burudani, kwa ufupi

Kiki ni gharama ya msanii inayolipwa kwa bando lako. Ugomvi wa kupangwa, penzi la kupangwa, posti inayofutwa, wiki mbili baadaye wimbo unatoka. Usizitazame, wimbo ukiwa mzuri utaufikia tu. Wimbo wa dakika nne kwa sauti ni MB 4 ukiupakua mara moja. Video yake ni MB 30 na zaidi kila unapoirudia.

Filamu zetu zilipoteza njia baada ya mwigizaji Steven Kanumba kufariki Aprili 2012, soko la DVD likafa, na leo nyingi ziko kwenye vifurushi vya kulipia. Sioni sababu ya kununua kifurushi kwa ajili ya filamu hizo tu. Redio iliwahi kutupa mchezo kama Twende na Wakati, tangu 1993, bila mtu kutoa senti. Vituo vyenye michezo ya kuigiza bado vipo, vitafute jioni. Ukipata fedha ya ziada, lipa kiingilio cha bendi ya dansi au taarabu inayopiga jukwaani kwa vyombo. Hapo angalau fedha inamfikia mpigaji.

Kwa hiyo ile 15,000 mimi ningeigawa hivi: 8,000 ya magazeti, mawili kwa wiki, au 7,500 ya kuchangia kijiweni, 2,000 ya betri, 3,000 ya bando la kusoma na kusikiliza, bila video, 2,000 ya kibanda umiza. Televisheni ibaki na chaneli za bure.

Mwenye 5,000 tu anunue gazeti la Jumapili mara nne, na 1,000 iende kwenye betri. Bando la habari asinunue kabisa mwezi huu. Ile simu ya kuondoa huduma za SMS aipige kwanza, kabla hajaongeza salio.